Nyota Ambayo Hakuitoboa

Mtaani walimwita Fundi Nyota. Mumewe walimwita Mrefu, kwa sababu alikuwa mfupi. Ndivyo watu walivyo, ukiwa na kipara watakuita Manywele kisha wacheke wiki nzima. Mrefu mwenyewe hakujali. Alisema afadhali ufupi kwa mtu anayefanya kazi ndani ya dari, mahali ambapo warefu hugonga vichwa na kutukana.

Kazi yao ilikuwa kutengeneza dari za nyota. Mtu akishamaliza nyumba yake na bado ana hamu ya kuwatambia wageni, aliwaita wawili hawa wamwekee mbingu chumbani. Wateja wengi walidhani kila nyota ni taa ndogo yenye waya wake wa umeme, na Mrefu hakuna kitu alichopenda kama kuwasahihisha. Taa ni moja tu, aliwaambia, imo ndani ya kisanduku kilichofichwa kabatini, na feni yake ya kuipoza. Mbele ya taa hiyo limebanwa fungu la nyuzi za faiba, ncha zake zimesuguliwa kwa msasa mpaka zikalainika kama kioo. Mwanga unaingia kwenye ncha, unagonga ukuta wa ndani wa uzi, unarudishwa, unagonga upande wa pili, unarudishwa tena, haupati pa kutorokea, mpaka unafika mwisho, pale uzi ulipochomozwa kwenye tundu la dari. Kule juu hakuna umeme wala joto. Unaweza kuizima nyota kwa kuiwekea kidole, na ukiondoa kidole inawaka.

"Halafu uzi hauna mbele wala nyuma," alimalizia kila mara, na mkewe akajua sasa mume wangu anaanza. "Mulika huku, mwanga utatokea kule. Mulika kule, utatokea huku. Wenyewe haujui kwao ni wapi."

Walijaribu kazi yao kwa njia hiyohiyo. Mke alisimama chini na tochi, akaibandika kwenye tundu moja la dari, na Mrefu akiwa kwenye kisanduku akaona ni uzi gani kwenye fungu unaong'aa. "Nimekupata!" alipiga kelele. Basi wanahamia tundu la pili. Mke ndiye aliyetoboa, kwa kuwa alikuwa na jicho la kujua nyota ikae wapi ili mbingu isifanane na chujio. Mume ndiye aliyelala kifudifudi juu ya mbao, akipitisha nyuzi na kuhakikisha haukunjwi hata mmoja kwa pembe kali, maana uzi ukikunjwa hivyo mwanga unavuja njiani.

Dari yao ya kwanza waliiweka chumbani kwao wenyewe, ikawa ndiyo ya kuonyeshea wateja. Walitundika pazia zito jeusi dirishani ili giza liwepo hata saa nne asubuhi. Mke na mume waliokuja kuulizia kazi walivuliwa viatu na kulazwa kitandani chali, wamekakamaa kwa aibu, Fundi Nyota akizima taa na Mrefu akiwasha kisanduku. Hapakuwa na aliyeinuka pale bila kusema anaitaka. Dari ile aliitoboa Fundi Nyota kwa mkono wake, na angeulizwa gizani nyota fulani iko wapi, angenyoosha kidole bila kukosea.

Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na chao, kilikuwa cha mama mkwe.

Mama huyu alikuwa mshonaji tangu ujana. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kiliota sugu kwa kusukuma sindano, na alizoea kumtania mwanawe kwamba hata ukimbie vipi, uzi ni wa ukoo. Kisha siku moja alianguka juu ya cherehani. Aliporudishwa kutoka hospitali hakusema tena neno. Macho yake yalitazama mahali pamoja, na hata ungepita mbele yake hayangekufuata. Mwili wote ulilala isipokuwa kidole kilekile cha sugu, ambacho kilijikunja na kujikunjua wakati wowote, mchana na usiku.

"Ni mishipa tu inajichezea," alisema muuguzi aliyekuja kumwangalia kila wiki. "Msijipe moyo. Mgonjwa hajui kinachoendelea."

Basi watu wakaanza kuzungumza juu ya kichwa chake kama anavyozungumzwa mtoto wa kuku. Tabia hii inaudhi, na wanaoifanya ni watu wazuri kabisa, wenye huruma zao, wanaoleta matunda. Wanasimama kando ya kitanda wanaulizana mgonjwa atadumu muda gani, na mgonjwa yuko hapo.

Mrefu peke yake alikataa. Alimsomea mama magazeti, akamuuliza maswali, akakaa akikitazama kile kidole kama mtu anayesubiri maji yachemke. Mkewe alimwacha kwanza. Lakini miezi ikapita, na yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza mgonjwa, akimwosha na kumlisha uji kwa kijiko, mpaka siku moja uchovu ukamshinda. Alikuwa akichomekea shuka pembeni mwa godoro aliposema, kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioharibu:

"Mume wangu, mama ameshaondoka. Tunauguza mwili tu."

Mrefu hakulizungumza tena jambo hilo, na mkewe akadhani amekubali. Alichokifanya ni kukigeuza kitanda cha mama, kichwa kikaja ulikokuwa mguu, mkono wa kulia ukawa upande wa ukutani. Alisema mama apate hewa ya dirisha. Kisha akashinda siku mbili juu ya dari akidai anatafuta panya. Alishuka na utando wa buibui kichwani, anapiga mluzi, amefurahi bila sababu ya maana.

"Panya gani hao wanaofurahisha hivi?" mkewe alimuuliza.

"Subiri. Jumapili nikitulia nitakuonyesha kitu."

Jumapili haikufika. Ijumaa, kwenye nyumba ya mteja, mbao aliyolalia ilivunjika, akapita na dari yote mpaka sakafuni. Mkewe alikuwa amesimama chini na tochi yake mkononi. Wakati ule alikuwa bado anasubiri kusikia "nimekupata".

Watu walijaa nyumbani, wakalia, wakapika, wakazika, wakaondoka. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake muda wote huo, mlango umerudishiwa. Hakuna aliyemwambia. Aambiwe nini, walisema, na hajui hata jina lake.

Baada ya hapo Fundi Nyota aliapa hatapanda dari yoyote maisha yake yote, wala hatachungulia juu ya dari. Alibaki na kazi ya mezani, yaani kukata nyuzi kwa wembe wa moto, kuzifunga mafungu, kusugua ncha. Mafundi wengine waliyachukua mafungu hayo na kwenda kuyafunga wenyewe. Kazi ile inataka giza, kwa kuwa ncha yenye mkwaruzo huonekana vizuri gizani. Kwa hiyo alirudi kwenye chumba chao cha pazia jeusi, akaweka meza miguuni pa kitanda. Kisanduku cha taa alikichomoa kwenye umeme, maana hakuwa na moyo wa kuitazama ile mbingu.

Asubuhi ya tatu au ya nne akiwa kazini, aliinua kichwa kunyoosha shingo, akaona nyota moja inawaka.

Ilikuwa juu ya mto, upande aliolalia Mrefu. Haikuwaka sana, ila ilikuwa nyota. Kwanza alidhani macho yamechoka. Aliyafikicha, akatazama tena, bado ipo. Alikwenda kabatini akapapasa waya wa kisanduku na kuukuta umelala sakafuni kama alivyouacha. Akafungua kifuniko, fungu lote jeusi, hakuna ncha hata moja yenye mwanga. Akarudi kitandani, akapanda na kusogeza uso karibu na dari. Tundu lile hakulitoboa yeye. Mahali pale hapakuwahi kuwa na nyota.

Alishuka taratibu, akakaa sakafuni. Alikuwa bado amekaa pale nyota ilipozimika. Ikawaka. Ikazimika, ikawaka tena.

Tuseme ukweli, fundi yeyote angechukua ngazi na kupanda. Uzi ukitoa mwanga upande huu, basi upande wa pili kuna kitu kinaumulika, hakuna muujiza. Yeye alilijua jambo hilo kuliko jina lake. Lakini kupanda darini alikuwa ameapa, na zaidi ya kiapo, hakutaka kujua. Mtu aliyefiwa akikonyezwa kutoka upande wa wafu, haendi kutafuta ngazi.

"Ni wewe?" alinong'ona.

Nyota ikabaki vilevile. Akasema kwa sauti kamili, kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili:

"Mrefu! Ni wewe? Kama ni wewe, nikonyeze."

Nyota ikakawia kiasi cha mtu kuona haya kwa alichokisema. Kisha nyota ikazimika na kuwaka, mara moja, bila haraka.

Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alimlisha mama mkwe mbiombio, akamgeuza, akapangusa ukuta wa pembeni uliochafuka kwa matone ya uji, akaenda kujifungia gizani. Nyota haikuwepo alfajiri. Ilianza kuonekana jua likishapanda, ikaimarika kufikia saa tatu, na alasiri ikafifia kama mtu anayesinzia. Siku za mawingu ilikuwa hafifu. Siku nyingine ilikuwa kali zaidi, na aligundua kuwa ni zile siku alizosugua ukuta na dirisha vizuri chumbani kwa mama. Akaona ni Mrefu anashukuru kwa jinsi anavyomtunzia mama yake. Mtu akitaka kuamini, kila kitu kinamsaidia.

Walizungumza, kama unaweza kuyaita mazungumzo. Aliuliza, na nyota ikakonyeza au isikonyeze.

"Uko peke yako huko?"

Ikakonyeza.

"Kuna giza?"

Haikukonyeza.

"Unanisikia siku zote, hata nikilia?"

Ikakonyeza. Alijifunika uso kwa mikono, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu siku ya mbao. Siku moja alikumbuka jinsi Mrefu alivyokuwa akishuka darini koo limemkauka kwa vumbi, akitaka maji kabla hata hajanawa.

"Una kiu, mume wangu?" aliuliza, nusu kwa utani.

Nyota ikakonyeza, ikakonyeza tena, ikaendelea kukonyeza bila mpango. Alikimbia jikoni na kujaza glasi. Aliiweka juu ya stuli upande wa kitanda aliolalia Mrefu, chini ya nyota kabisa, akarudi nyuma. Nyota ikaendelea. Alimsihi anywe. Baadaye ikachoka, ikabaki inawaka tu. Jioni glasi ilikuwa bado imejaa, na nzi mmoja ameelea juu.

Aliendelea kuiweka glasi ile kila siku.

Wakati huohuo shemeji, ndugu mdogo wa Mrefu aliyeishi mbali, alianza kupiga simu. Hakuwa mtu mbaya. Alimwonea huruma shemeji yake aliyebaki peke yake na mgonjwa asiyemzaa. Alikuwa amepata nyumba ya kutunzia wagonjwa wa namna hiyo, mwendo wa siku nzima kutoka pale, ambako wanalazwa safu kwa safu na wahudumu wanapokezana.

"Shemeji, umeshafanya ya kutosha," alimwambia. "Mama hajui yuko wapi. Hapo au kule, kwake ni sawasawa. Sema neno tu, Jumamosi nakuja na gari la wagonjwa."

Fundi Nyota alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Kiuno kilimuuma kwa kugeuza mgonjwa, na mafundi walikuwa wanalalamika mafungu yanachelewa. Lakini mama alikuwa mama wa Mrefu, na neno alilosema siku ile akichomekea shuka lilikuwa bado linamsumbua. Aliogopa kuamua peke yake. Na kwa nini aamue peke yake, na mwenye mama yupo?

Alikwenda gizani, akasimama chini ya nyota.

"Mrefu, ndugu yako anataka kumchukua mama. Ampeleke kwenye nyumba ya wagonjwa, mbali. Nimruhusu? Nikonyeze kama niruhusu."

Nyota ikazimika. Alisubiri iwake, haikuwaka. Alisubiri mpaka macho yakaanza kumwonyesha nyota za uongo, zile zinazoelea gizani. Hakuna kitu. Dari ilikuwa nyeusi kama siku walipoinunua. Ilikuwa saa tatu na nje jua linawaka, wakati ambao nyota haikuwahi kukosa. Alianza kulia. Akaona ameelewa: mume wake ameyafumba macho, amemwachia aamue mwenyewe. Alitoka nje akampigia shemeji, akasema, njoo Jumamosi.

Jumamosi walikuja mapema, shemeji na wahudumu wawili wenye machela. Walimwinua mama kitandani kwa ustadi, wakamfunga mikanda, wakamtoa sebuleni. Kidole chake kilikuwa kinajikunja na kujikunjua mbio kuliko siku zote.

"Mishipa," shemeji akamweleza mhudumu mmoja, kama aliyezaliwa na ujuzi huo.

Walipoanza kumpeleka garini, Fundi Nyota alirudi chumbani kumuaga Mrefu, au kumwomba radhi, hakujua lipi. Alivuta mlango. Nyota ilikuwepo, inang'aa kuliko alivyowahi kuiona.

"Wanamchukua," alisema. "Umeridhika?"

Nyota haikutikisika.

"Mrefu. Ni wewe?"

Iliwaka tu, kama msumari kwenye dari. Swali hilo ndilo lililojibiwa kila siku bila kukosa, na sasa halikujibiwa. Aliuliza tena kwa sauti kubwa. Kisha nyota ikazimika, na sekunde hiyohiyo, ng'ambo ya ukuta, chuma cha kitanda kikagonga sakafu. Ikawaka. Ikafifia, ikawaka, na ng'ambo akasikia kandambili zinapita.

Huzuni haikumwacha, lakini fundi aliyekuwa amelala ndani yake akaamka. Mikono yake ilielewa kabla ya kichwa.

"Nani yuko chumbani kwa mama?" aliita.

"Ni mimi, dada," akajibu mhudumu wa pili, na sauti yake ikaja wazi kabisa, maana kuta za nyumba ile hazikufika bati, na kila neno lilipita kwa juu. "Natoa godoro."

"Pita tena hapo ulipopita!"

"Wapi?"

"Kati ya dirisha na ukuta! Pita tena!"

Kandambili zikaburuzwa. Nyota ikazimika, ikawaka.

Alitoka mbio, akamsukuma yule kijana wa watu pembeni, akapiga magoti mahali kilipokuwa kitanda. Ukutani, usawa ule ambao mkono wa mgonjwa aliyelala unagusa, palikuwa na kijiplagi cheupe cha plastiki, cha kushikia skrubu. Alikuwa amekipangusa kwa kitambaa kila siku tangu msiba, akidhani ni tundu la skrubu kuukuu. Alikitazama sasa kwa karibu. Katikati yake mlikuwa na ncha ya faiba, nene, imesuguliwa vizuri kwa mkono anaoujua. Ilitazamana na dirisha na jua lote la asubuhi.

Alikiwekea kidole, akakiondoa. Hakuhitaji kwenda kutazama. Aliona kila kitu kwa mpigo, kitanda kilichogeuzwa, panya wa uongo, mluzi, Jumapili. Mrefu alimpa mama yake uzi wa kuwaitia, bila shaka akamfundisha kuuziba kwa kidole, na mwanga wake ukawa wa bure kutoka dirishani, ili asihitaji hata kuwasha taa. Kisha akaiona glasi ya maji juu ya stuli, imejaa, na hapa mama mwenye kiu. Alitoa sauti ambayo mhudumu alisema baadaye kuwa alidhani amechomwa na kitu.

"Mrudisheni!" alikuwa tayari uwanjani, hana viatu. "Mrudisheni mama, anasikia! Anasikia kila kitu!"

Shemeji alimshika mabega. Alimwambia kwa upole kwamba msiba unafanya hivyo, kwamba ni kawaida, kwamba akalale kidogo. Fundi Nyota alimtazama na kuutambua upole ule, ni wake mwenyewe, aliutumia siku ile akichomekea shuka.

"Shemeji, sikuombi uniamini. Mrudishe kitandani, wewe uingie chumbani kwangu, ufunge mlango, utazame dari juu ya mto. Basi. Ukiona upuuzi, mchukue, sitafungua mdomo."

Shemeji akakubali, labda kwa sababu hakulia. Walirudisha kitanda na godoro mahali pake, wakamlaza mama na kumpangia mito kama alivyolala, mkono wa kulia ukutani. Fundi Nyota aliongoza kile kidole chenye sugu mpaka kwenye ncha, akahisi kinatetemeka chini ya chake. Kwanza alimpa maji, kijiko kwa kijiko, na mama akameza yote na kuyatafuta mengine. Kisha akasogea karibu na sikio lake.

"Mama, ni mimi mkweo. Mwanao mdogo yuko chumba cha pili anatazama. Nakuuliza, unataka kwenda na wao? Ukitaka, ziba mara moja. Kama hutaki, ziba mara mbili."

Macho ya mama yalitazama palepale yalipotazama siku zote. Kidole kikasogea, kikaziba, kikaachia. Kikaziba tena, na kikaachia.

Kisha sauti ya shemeji ikaja kwa juu, imekauka, haifanani na yake:

"Muulize tena."

"Muulize wewe. Anakusikia."

"Mama," alisema shemeji, na alipolisema neno hilo sauti ikamkatika. "Mama, nikupeleke?"

Mara mbili.

Gari la wagonjwa likaondoka bila mgonjwa. Shemeji alikaa sakafuni kwenye korido ameegemea ukuta, hataki kuingia chumba hiki wala kile. Alikuwa anakumbuka, bila shaka, yote aliyowahi kuyasema kando ya kitanda kile. Acha akumbuke.

Fundi Nyota alibaki na mama. Aliuliza maswali yake tena moja baada ya jingine, na kila moja lilimkata. Ni mama aliyekuwa anakonyeza? Ndiyo. Tangu siku ya kwanza? Ndiyo. Siku alipouliza kama ana kiu? Ndiyo. Na siku alipomuuliza Mrefu kuhusu kumpeleka, nyota ikazimika isirudi, ni mama aliyeziba?

Ndiyo. Aliikandamiza ncha kwa nguvu zake zote, kidole chake kisiinuke, kwa kuwa hakufundishwa namna nyingine ya kusema hapana.

"Mama, nilikuita kwa jina la mwanao," alisema. "Nilikuuliza kama ni yeye. Ulijua namuuliza yeye?"

Kidole hakikusogea. Kilikaa wazi kando ya ncha, na mwanga wa dirisha ukaingia ukutani kwa amani. Akaelewa kwamba swali hilo halina jibu la mara moja wala la mara mbili. Mama alikuwa amesikia kila kitu kupitia juu ya ukuta, vilio vya msibani, sufuria, watu wakiulizana kaburi liko upande gani, kisha mkwe wake gizani akimwita maiti. Alikuwa ameyaokota yote hayo vipande vipande, peke yake. Katika nyumba iliyojaa watu waliokuja kupeana pole, hakuna hata mmoja aliyefungua mlango ule na kumpa pole yeye, mwenye mtoto.

Fundi Nyota aliinuka. Alijifuta uso, akanyoosha nguo, akachukua kiti na kukiweka mahali ambapo kama macho ya mama yanaona, basi yatamwona. Aliushika mkono ule mwingine, uliolala.

"Mama," alisema, "nimekuja kukupa habari. Ilipasa uipate siku ileile, nasi hatukukupa. Mwanao, mume wangu, amefariki. Alianguka akiwa kazini. Nilikuwa naye. Pole sana, mama yangu."

Kidole kilijikunja polepole, kikaenda ukutani, kikaikuta ncha. Kikaiziba.

Alikaa naye hapo, hakuuliza tena kitu. Jua liliondoka dirishani kidogo kidogo, na kidole kilikuwa bado kimekandamizwa mahali pake, na kwenye chumba cha pili hapakuwa na mtu wa kuona kwamba kuna nyota imezimika.